Vijiti vya Mishikaki

Umeme ulikatika Al-Khudh saa nane za usiku,
mwezi wa saba, nje nyuzi thelathini na nane,
na mimi, Thuwaiba binti Nassor, mtunza kitalu,
nikatoka mbio na kandambili zisizofanana,
ya kulia yangu, ya kushoto ya mume wangu,
kwenda kutazama watoto wa watu.

Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Nikawasha tochi ya simu.

Kulia, mighafu ya kawaida,
iliyozaliwa kwa mbegu za Bidiya bila kuulizwa maswali,
imesimama wima, mikavu ya uso
kama makarani wa forodha.
Kushoto, yetu,
ile tuliyoizima jeni moja tu, ndogo, kwa adabu.
Imelala.
Mia moja na kumi na miwili, kila mmoja na chungu chake,
imeinamia mlangoni
kama maamuma ambao imamu amewasahau kwenye rukuu.

Shangazi Shawana huniuliza kila Ijumaa
kazi yangu hasa ni nini.
Nikamwambia: lignini, shangazi, ni saruji ya mti.
Ndiyo inayomfanya mbuzi atafune saa nzima
apate tonge moja.
Tukiipunguza, atashiba kwa tawi dogo,
na mfugaji hatanunua tena majani makavu
yaliyosafiri kwa meli kuliko hujaji.
Akanimiminia kahawa.
"Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyofunzwa.
Nyinyi mnamkunja hajawa samaki."
Kisha, maana hakosi la kuongeza:
"Na uti wa mgongo mmempa nani?"

Nilikula halua. Sikumjibu.

Jibu nilikuwa nimeshaliona kwenye hadubini:
kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
ukikitia dawa, lignini inageuka nyekundu.
Mti wa Bidiya unawaka, pete ndani ya pete,
wekundu wa hina iliyolala mkononi usiku kucha.
Wetu unatoa waridi hafifu, hina ya mtoto
aliyenawa kabla haijakauka.
Na mirija ya maji, iliyotakiwa kuwa mviringo,
imebonyea kama mrija wa karatasi
uliosahauliwa kwenye glasi ya sharubati.

Dokta Ghalib aliandika: mmeng'enyo umepanda
kwa asilimia kumi na tisa.
Kweli. Nilipima mimi.
Jedwali halikuwa na safu ya kubonyea.

Usiku ule, ndani ya gari,
nilikuwa na pakiti za vijiti vya mishikaki
vilivyobaki tangu Idi,
na uzi wa kofia ya mume wangu
ambayo nimeianza mara tatu.
Nikachomeka, nikafunga. Nikachomeka, nikafunga.
Jasho likiingia machoni, magoti kwenye changarawe.
Kwenye mche wa arubaini hivi nikacheka peke yangu:
vijiti vile ni mianzi, mikavu, migumu,
imejaa kile kile tulichokitoa.

Umeme ulirudi na adhana ya alfajiri.
Mia moja na mmoja iliinuka, ikiegemea.
Kumi na mmoja haikuinuka.

Dokta Ghalib alipofika hakuuliza nani.
Alichomoa kijiti kimoja. Mche ukasimama
muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa,
kisha ukaanza kwenda, polepole, upande wa mlango.
Akakirudisha kijiti palepale, kwenye tundu lake,
akapangusa kidole.
"Iliyokufa ipelekwe kwenye zizi la majaribio," alisema.

Nikaibeba kwenye ndoo.
Mbuzi namba saba, mweusi, sikio moja limekatika,
aliimaliza kabla sijaandika saa.
Majani, matawi, shina, mpaka mzizi,
bila kutafuna mara mbili.
Akaninyanyulia kichwa, akataka zaidi.

Kulikuwa na kijiti kimoja nilichosahau kukitoa.
Akakiuma. Akakigeuza mdomoni, kushoto, kulia,
akanitazama kwa yale macho yao ya mlalo,
akakitema.